Kujenga jumuiya ya kusaidiana bila bosi ndani ya Second Life

Second Life, dunia pepe ya mtandaoni ambamo watu hujenga na kuishi kwa umbo la kompyuta, ilifunguliwa kwa umma mwaka 2003, na mwaka huohuo wakazi wake wakaandamana. Linden Lab, kampuni ya San Francisco inayoiendesha, ilikuwa ikitoza kodi kwa vitu ambavyo watu wamejenga, na waliobeba mzigo mkubwa ni wale wenye majengo ya umma. Wakarundika masanduku ya chai mitaani, kwa kuiga yale yaliyotupwa baharini Boston mwaka 1773. Kodi hiyo ikafutwa, ikaja ada ya ardhi ya kila mwezi inayotumika hadi leo. Tarehe 27 Septemba 2007 wafanyakazi wa IBM nchini Italia nao waligoma humohumo, na avatari (maumbo yanayowakilisha watu humo) zaidi ya 1,800 zikajitokeza kwenye maeneo ya kampuni yao.

Kwa hiyo moyo wa kushirikiana upo. Jumuiya nyingi za waanakisti, yaani watu wanaotaka kuishi bila watawala, humo zinakufa kwa sababu nyingine: programu haina namna ya kuandika neno "chetu". Kila kiwanja, kila kiti na kila senti lazima viwe na jina la mwenyewe. Mkiandika kwenye maelezo ya kundi kwamba hapa hakuna kiongozi, kisha mkaacha mipangilio kama ilivyokuja, kiongozi mnaye tayari, ila hamjamtaja. Kazi kubwa ya kujenga ni kutafuta mahali mamlaka yalipojificha na kuyagawa, au pale yasipogawika, kuyaweka wazi.

Tuanze na ardhi. Akaunti ya bure haiwezi kumiliki ardhi ya bara kuu, yaani ardhi inayosimamiwa na kampuni yenyewe. Akaunti ya Premium, ile ya kulipia, ina haki ya mita za mraba 1,024 bila ada ya ziada, na haki hiyo inaweza kuchangiwa kundi. Kundi lenyewe huongezewa asilimia 10 juu ya michango yote. Hesabu ninayoipendekeza ni hii: watu 5 wachangie, jumla 5,120, na kwa nyongeza inafika 5,632. Halafu msichukue zote. Chukueni kiwanja cha 4,096 tu. Mmoja akijitoa ghafla, michango ya wanne waliobaki inawapa 4,505, na kiwanja bado kimefunikwa. Jumuiya inayojaza ardhi hadi ukingoni inamfanya kila mchangiaji awe na kura ya turufu: akikasirika anaondoa mita zake, kundi linabaki na deni, na deni likikaa ardhi inaweza kuchukuliwa. Hapo hata asipotishia, kila mtu anaongea naye kwa woga.

Ardhi iliyotelekezwa unaweza kuiomba kwa kuandikia kitengo cha msaada cha kampuni, na kwa kawaida bei ni dola 1 ya Linden (pesa ya humo ndani) kwa mita ya mraba. Wakati wa kulipa, weka alama ya kununua kwa niaba ya kundi. Ukisahau, kiwanja kinaingia kwenye jina lako, na itabidi ukikabidhi baadaye. Kiwanja cha 4,096 kwenye eneo la kawaida la bara kuu kinabeba vitu vyenye jumla ya uzito wa 1,400 hivi, uzito huo ukiwa ni kipimo cha mzigo ambao kila kitu huipa ardhi. Gaweni mapema: ghala, uwanja wa mikutano, sehemu ya kujifunzia ujenzi, vibanda vya wageni. Zuieni kitu kimoja kisimeze nafasi yote. Mara nyingi huwa ni mti mmoja mzuri uliotengenezwa vibaya, au sanamu iliyopanuliwa bila kuangalia uzito wake.

Kundi linafunguliwa kwa dola 100 za Linden na lazima liwe na watu wawili au zaidi ndani ya saa 48, la sivyo linavunjwa. Linakuja na vyeo vitatu, Everyone (wote), Officers (maofisa) na Owners (wamiliki), na unaweza kufikisha vyeo 10. Hapa ndipo penye jambo lenyewe.

Cheo cha Owners hakipunguzwi nguvu. Aliyenacho anaweza kuuza ardhi, kubadili vyeo na kufukuza watu, na Owner mwenzake hawezi kumtoa. Ni lazima ajiuzulu mwenyewe. Fikra inayokuja haraka kwa waanakisti ni kumpa kila mtu cheo hicho, kwamba wote wakiwa wamiliki hakuna mmiliki. Nakataa kabisa. Akaunti moja ikiibiwa nywila, au mtu mmoja akigombana na mpenzi wake usiku, kiwanja kinauzwa kabla wengine hawajaamka. Kushirikiana nywila ya akaunti moja nako ni kuvunja masharti ya kampuni, na hamtajua nani alifanya nini.

Kinachofanya kazi ni Owners wawili, si mmoja, kwa sababu mtu huugua, hufa au huchoka. Wote wawili wawashe uthibitisho wa hatua mbili. Kisha wavuliwe mengine yote: wasiendeshe mikutano, wasishike fedha, wasiwe wasemaji wa jumuiya. Cheo kiitwe kwa kazi yake, kwa mfano "Mtunza Funguo", kwani majina ya vyeo hubadilika. Kazi halisi zigawiwe kwenye vyeo vidogo: kimoja kinaruhusu kukaribisha wageni, kingine kutuma matangazo, kingine kurudisha vitu vilivyotelekezwa na kuzuia wavamizi. Mtu anaweza kushika kadhaa, na vinazunguka kila mwezi. Angalieni ruhusa mbili kwa makini: ile ya kumpa mtu cheo chochote na ile ya kubadili uwezo wa vyeo. Mwenye mojawapo anaweza kujipandisha hadi karibu na Owner, na programu yenyewe hutoa onyo unapoitoa. Wengi hubofya bila kulisoma.

Everyone ni cheo cha kila anayeingia. Kundi likiwa wazi kwa yeyote, basi chochote utakachompa Everyone umempa pia mvamizi. Kujenga, sawa. Kufukuza au kurudisha vitu, hapana.

Ghala la vitu vya bure ndilo litakaloleta watu: nguo, nywele, nyumba, skripti (programu ndogo zinazofanya vitu vitende kazi). Sanduku la kupokea michango huhitaji skripti yenye llAllowInventoryDrop(TRUE), na mtu yeyote ataweza kudondosha kitu ndani, isipokuwa skripti, ambazo mfumo huzikataa kwa usalama. Mchangiaji lazima awe na kitu chenye ruhusa ya kuhamishwa. Kilichonunuliwa dukani bila ruhusa hiyo hakiingii, na mgeni atadhani sanduku ni bovu, basi andikeni juu yake. Tatizo lingine ni kitu kisichonakilika: anayekuja wa kwanza anaondoka nacho na sanduku linabaki tupu. Vitu hivyo viwekwe sanduku la peke yake.

Kwa vitu mnavyotengeneza wenyewe, swali ni ruhusa za mmiliki anayefuata. Mkiacha zote tatu wazi, yaani kunakili, kurekebisha na kuhamisha, kuna mtu atavichukua na kuviuza sokoni kwa jina lake. Mkifunga kuhamisha, mgeni hawezi kumgawia rafiki yake, na kusaidiana kunaishia mlangoni kwenu. Mimi nasimama na kuziacha wazi. Anayenunua kitu cha bure amepoteza pesa kidogo; jumuiya inayofunga vitu vyake imepoteza sababu ya kuwepo.

Fedha ndiyo sehemu ngumu kuliko zote. Kitu kilichokabidhiwa kundi kinaweza kupokea pesa, lakini pesa hiyo inagawanywa kwa wanachama wenye cheo kinachoruhusu mapato, na kitu hicho hakiwezi kumlipa mtu yeyote, kwa sababu skripti inahitaji ruhusa ya kutoa pesa ambayo kundi haliwezi kuikubali. Maana yake mfuko wa dharura lazima ukae kwenye akaunti ya mtu. Fungueni akaunti ya pembeni ya mfuko tu, mshika fedha asiwe Mtunza Funguo, na kibuyu cha michango kiandike jina na kiasi kwenye ubao kila mtu anapochangia. Maandishi yanayoelea juu ya kitu yana kikomo cha baiti 254, yanatosha salio na michango mitatu ya mwisho. Historia iwekwe nje ya Second Life. Na msitie skripti ya mtu msiyemjua kwenye akaunti hiyo. Ruhusa ya kutoa ikishakubaliwa, skripti inaweza kukomba salio lote.

Mikutano: maongezi ya kawaida husikika ndani ya mita 20, kwa hiyo duara la viti lisizidi hapo. Saa za humo ni za pwani ya magharibi ya Marekani. Mkutano wa saa sita mchana wa huko ni saa nne usiku Afrika Mashariki kuanzia Machi hadi mapema Novemba, na saa tano usiku miezi mingine. Watu wetu hukosa mikutano ya Machi na Novemba kwa sababu hiyo tu. Mwenye kompyuta dhaifu au bando dogo atumie Radegast, programu nyepesi inayoendesha mazungumzo kwa maandishi, au kwenye programu ya kawaida apunguze umbali wa kuona hadi mita 64. Matangazo ya kundi hufutika baada ya siku 14, kwa hiyo maamuzi yasihifadhiwe humo.

Dhidi ya uvamizi, washeni urudishaji wa moja kwa moja: vitu visivyo vya kundi virudi kwa wenyewe baada ya dakika 30. Novemba 2006 pete za dhahabu zilizojizalisha zenyewe zilijaa dunia nzima hadi kampuni ikafunga milango kwa muda. Kiwanja chenye urudishaji kinajisafisha. Wanachama waweke alama ya kundi kabla ya kujenga, maana wasipofanya hivyo ni kazi zao zitakazorudishwa.

Na muwe na pa kuhamia. OpenSimulator ni programu huria ya kuendesha dunia pepe kama hii, ilianza 2007, mnaiendesha kwenye kompyuta yenu na inaungana na nyingine kwa Hypergrid, mfumo wa kusafiri kati ya dunia hizo. Fungueni bandari (port) 9000 kwenye ruta, na kila eneo jipya lipewe bandari yake. Kutoka Second Life mtatoa tu mlivyounda wenyewe kila kipande. Huko wa kuogopwa zaidi si Owner wa kundi, bali mwenye nywila ya seva, maana anaweza yote, kwa hiyo mgawanyo uleule unaanza upya. Amri ya save oar huhifadhi ardhi, majengo na picha zake, ila si mikoba ya watu, yaani vitu ambavyo kila mmoja amejihifadhia. Hiyo inahitaji save iar kwa kila mmoja. Nakala ya kila mwezi iende kwa watu watatu walio sehemu tofauti, na mmoja wao aipakie kwenye mashine yake kila mara, kwa sababu faili ambalo halijawahi kufunguliwa mara nyingi huwa limeharibika.