Nilisema Natoka Lamu

Tiketi ilikuwa rahisi mno, na hilo peke yake lingetosha kunifungua macho. Mtu mwenye akili zake haendi Omani mwezi wa Juni ila awe ana mgonjwa au ana kesi. Mimi sikuwa na mgonjwa wala kesi. Nilikuwa na likizo ya siku tisa na hamu ya siku nyingi ya kuiona Maskati, jina ambalo sisi watoto wa Mombasa tumekua tukilisikia kama jina la jamaa aliyehama akaacha deni. Nilipotoka nje ya uwanja wa ndege, saa nne za usiku, joto lilinipiga usoni kama mvuke wa sufuria ya pilau ikifunuliwa.

Teksi hadi Mutrah, mtaa wa soko la zamani la Maskati, ilinila riali 15. Riali moja siku hizo ilikuwa kama shilingi 335 za Kenya. Piga hesabu mwenyewe, mimi nimeshaipiga mara nyingi na kila mara inatoka vilevile. Asubuhi kijana wa mapokezi aliniambia kwa upole kwamba ningelipa chini ya hapo. Nikamuuliza mbona hakuniambia jana. Akasema jana nilikuwa nimeshalipa.

Basi tangu hapo nikawa mtu wa bei. Nilitembea Mutrah nikihesabu baisa, na baisa ziko elfu moja katika riali, kwa hiyo hesabu haziishi. Sokoni, kwenye vichochoro vilivyoezekwa juu, ubani unafukizwa mpaka nguo zinanuka hadi usiku. Niliingia duka moja lenye kanga zimetundikwa hadi darini. Mwenye duka, mtu mzima wa kanzu nyeupe na kofia iliyotariziwa, alikuwa akimsema msaidizi wake kwa Kiswahili safi: "Nimekwambia usizipange hivyo, wewe husikii?" Nikacheka. Akageuka. "Wa wapi, bwana?"

Nikasema Mombasa. Akatikisa kichwa kwa adabu, akanitajia ubani riali tatu.

Hapo akaingia mama mmoja wa baibui, akasalimu kwa lafudhi ya Unguja, akaulizwa wazee wake, wakatajiana majina matatu manne, na ubani uleule akaondoka nao kwa riali mbili na kahawa juu. Mjini Maskati Waswahili hawa ni wengi. Kuna waliokimbia Unguja baada ya mapinduzi ya 1964, kuna walioitwa na Sultan Qaboos aliposhika nchi mwaka 1970 na kutaka watu wenye elimu wamsaidie, na kuna waliozaliwa hukohuko na bado wakigombana hugombana kwa Kiswahili. Kwao ukitaja mji unaulizwa mtaa, na ukitaja mtaa unaulizwa nyumba. Mombasa ni kubwa. Anayetoka Mombasa anaweza kuwa ametoka popote.

Duka la pili niliulizwa tena. Nikasema, "Lamu."

Si uongo mtupu. Babu mzaa baba alizaliwa Lamu. Mimi nimefika mara mbili, mara ya kwanza nikiwa mchanga wa kubebwa. Lakini neno lile lilifanya kazi. Ubani ulishuka hadi riali mbili, nikapewa na kipande cha halwa kwenye karatasi. Kuanzia siku ile nikawa mtu wa Lamu.

Maskati yenyewe nitaipitia haraka, maana nilikuwa nikitembea alfajiri na magharibi tu, mchana nimelala chini ya kiyoyozi kama mgonjwa. Ngome mbili za Wareno, Jalali na Mirani, zimekaa juu ya majabali zikitazamana, kasri la Sultani katikati. Zilijengwa miaka ya 1580, na mtu aliyecheza mpira chini ya kuta za Fort Jesus anazijua kabla hajaambiwa. Ni ukuta uleule, ujeuri uleule. Wareno walitolewa hapa mwaka 1650, na mtoto wa imamu aliyewatoa ndiye ambaye watu wake waliiteka Fort Jesus mwaka 1698. Mwalimu wetu wa historia alitufundisha hilo kwa sentensi moja, tukaandika, tukafuta ubao.

Nizwa nilikwenda kwa basi. Ule mnara wa duara wa ngome yake ni mnene kama kilima, na ngazi za kuupanda zinapinda kona baada ya kona, kila kona ina mlango na juu ya mlango pana tundu la kumwagia adui asali ya tende iliyochemshwa. Kiingilio riali tano. Nilipofika juu nikawa nimelowa jasho kiasi kwamba hata mimi nilihisi nimemwagiwa. Ijumaa kuna mnada wa mbuzi, nilifika Jumamosi.

Sasa Sur.

Mji huu uko pwani, mashariki kabisa, na ndiko majahazi ya Waarabu waliokuwa wakija kwetu na upepo wa kaskazi yalikoundwa. Nilipanda teksi ya abiria wengi kutoka Maskati. Dereva alikubali kunifikisha hotelini. Tulipofika, akawashusha wenzangu mmoja mmoja milangoni kwao, kisha mimi akanishusha kando ya ghuba, akanyoosha kidole ng'ambo ya maji na kusema neno ambalo nililielewa kuwa ni "karibu". Ilikuwa saa saba mchana. Maduka yamefungwa, hata paka hawapo. Nilibeba begi nikavuka daraja refu la kuning'inia linaloingia mtaa wa Al Ayjah, na katikati ya daraja nikatambua kwamba hoteli yangu iko upande nilikotoka.

Sikurudi. Miguu ilikataa. Nikashuka upande wa pili, nyumba nyeupe za chini, mnara wa taa mwishoni, nikaona mlango wa mbao uliochongwa maua na minyororo, na pembeni yake baraza ya mawe yenye kivuli cha upana wa mkeka. Nikakaa. Nadhani nilisinzia.

Niliamshwa na kijana aliyenipa chupa ya maji na kunisemesha Kiarabu, kisha Kiingereza. Nilipomwambia nimetoka Kenya aliingia ndani mbio. Sauti ya mzee ikatoka gizani:

"Ndoo! Ndoo ndani, usikae juani!"

Ndoo, yaani njoo. Mara ya mwisho kusikia mtu akiita hivyo ni babu yangu. Nikavua viatu.

Mzee alikuwa amelala ubavu juu ya godoro la sakafuni, macho yameingia ukungu. Aliniambia alianza kusafiri akiwa na miaka kumi na mbili, mtoto wa kuchota mayi chomboni. Walishuka na kaskazi wakiwa na tende, chumvi na papa mkavu, wakarudi kusi likianza, chombo kimejaa boriti za mikoko. Akaniambia nitazame juu. Nikatazama. Dari nzima ilikuwa boriti, nyeusi kwa miaka, zimepangwa moja moja, za unene uleule wa dari ya chumba alichokufia babu. Kule Uarabuni miti mirefu ya kujengea haipo, kwa hiyo chumba kilikuwa kipana kadiri boriti ilivyokuwa ndefu. Mzee akazihesabu kwa korja, ishirini ishirini, kama vile bado anazipokea bandarini.

"Na wewe ni wa wapi?"

Mdomo ulishazoea. "Lamu."

Akanyamaza kidogo. Kisha akaanza. Msikiti wa Riyadha wangali wakisoma maulidi? Nikasema wanasoma, na hilo nalijua. Maji ya visima vya Shela yangali matamu? Nikasema matamu. Mikoko wangali wanakata? Nikasema kidogo. Na wafungwa, wangali wamefungwa pale ngomeni?

Nilikumbuka ngome. Kubwa, ya mawe, mbele ina mti. Nikasema, "Wapo. Wengi tu."

Kijana alikuwa na simu mkononi. Sikumwona akiandika. Alimsomea babu yake kitu kwa Kiarabu, nikashika neno moja tu, *mathaf*, nalo ni makumbusho. Jela ilihamishwa kutoka ngome ya Lamu mwaka 1984. Mwaka huo mimi sijazaliwa.

Mzee alicheka mpaka akakohoa, kijana akampigapiga mgongo. "Mwache," akasema. "Tangu aliposema Lamu nilijua. Wenyewe husema Amu."

Nikatamani joto liniyeyushe. Nikamwambia kweli yote: babu, teksi ya riali 15, ubani. Nilipofika kwenye ubani alicheka tena. Tukaletewa wali na samaki, kisha kahawa chungu ya iliki, kisha kaimati, na wao wanaziita luqaimat, wala sijui ni nani kamuiba mwenzake. Kijana alinipeleka jioni kuona Fatah al-Khair, jahazi la aina ya ghanja lililoundwa hapo Sur mwaka 1951, likauzwa, likapotelea Yemeni, na wenyeji wakachanga pesa wakalirudisha mwaka 1993. Sasa limekaa nchi kavu kando ya ghuba. Karakana bado ipo, na mbao za msaji zinatoka India kama zamani. Mafundi niliowakuta nao walikuwa Wahindi.

Asubuhi ya kuondoka mzee aliniita. Mbele yake pana bakuli kubwa la plastiki lenye mfuniko, halwa kilo tatu na zaidi. Akasema mtaa wa Langoni, nyuma ya Riyadha, kulikuwa na mama aliyewauzia mabaharia kaimati kwa mkopo. Msimu wa mwisho aliondoka hajamlipa. Alinitajia jina la mama na la mumewe.

"Umesema wa Amu. Haya, nenda Amu."

Uwanjani mizani ilizidi. Nililipa riali nane kwa halwa ambayo si yangu, nikimwambia yule dada wa kaunta kwamba ni dawa.

Nilichelewa wiki tatu. Kisha nikapanda basi la usiku hadi Mokowe, nikavuka kwa boti, bakuli nimelipakata. Langoni niliuliza nyumba nne. Ya tano alitoka mwanamke wa makamo, mjukuu. Nilimsimulia nikiwa nimesimama, akaniambia kaa. Bibi yake alikufa zamani, na hajapata kusikia kuhusu deni lolote. Alichokumbuka ni kitu kingine. Kila msimu wa kaskazi majahazi yakiingia, bibi alikuwa akiwafungia watoto ndani.

"Alitwambia, Msuri akikupa halwa usipokee. Ukila, utaamkia chomboni, na kwenu hukuoni tena."

Alisema hivyo akifungua mfuniko. Sikujua niseme nini. Nilifikiria yule mzee na macho yake yenye ukungu, na kwamba waliokuwa kabla yake chomboni hawakupakia boriti peke yake. Mwanamke alikata kipande kwa kisu cha mkate, akatafuna polepole.

"Yetu ina samli zaidi," akasema. Akakata cha pili, akamwita mtoto wake aje aonje. "Na wewe, kwenu wapi?"

"Mombasa," nikasema.