Siku moja kwenye atelye yetu ya matofali ya moto, Lubumbashi

Saa 12 asubuhi
Mwezi wa sita hapa Lubumbashi baridi inauma, lakini ndio msimu wetu, mvua hakuna na matofali yanakauka. Kazi ya kwanza ni kufunua plastiki. Upepo wa kiangazi ukipiga tofali bichi upande mmoja tu linapasuka, ndio maana usiku tunayafunika, asubuhi tunayageuza moja moja.

Kwa wenye hawatujui, atelye iko Kampemba, tunafanya matofali mepesi yenye vitundu ndani, ya kuweka kwenye mbabula (jiko la mkaa) na kwenye tanuru za mafundi wanaoyeyusha aluminiumu ya sufuria. Na karibu kila kitu tunachotia ndani ni kitu ambacho mtu mwingine ametupa.

Saa 2
Kamyo imefika na mabaki ya matofali yaliyobomolewa kwenye tanuru ya kiwanda. Kuchambua nafanya mwenyewe, simwachii mtu. Yale ya njano-njano, rangi ya krimu, ni ya udongo wenye alumina na silika, hayo ndio tunayataka, tukiyaponda tunapata shamoti, yaani punje za udongo ulioungua tayari. Lakini viwanda vya shaba vinatumia pia matofali ya magnezia na kromu, mazito mkononi, kahawia ya kukolea hadi karibu nyeusi, na hayo hayaingii kwangu hata kipande, ju kromu ile ikiungua pamoja na vitu kama majivu inaweza kugeuka ile kromu ya sita inayoyeyuka kwenye maji na kuleta kansa, halafu mama anapikia watoto hapo juu. Lenye mashaka linarudi kwenye kamyo. Dereva akakasirika, “Papa, yote si matofali tu?” Nikamwambia hapana mwanangu, haiko sawa, pakia.

Kila mara watu wananiuliza pia kwa nini nisichukue skori, yale mabaki ya kuyeyusha shaba, za ule mlima mweusi karibu na bomba kubwa la moshi, si iko mingi tangu waanze kuyeyusha shaba pale 1911? Skori ile imejaa chuma, na chuma kinafanya udongo ulainike mapema. Kwa tofali la ukuta, ikipimwa vizuri, sawa. Kwa tofali la kukaa na moto, hapana.

Saa 4
Kuponda. Maji kwanza, barakoa kwanza, vumbi la silika linakaa kwenye mapafu na halitoki, na hapa sina mchezo na vijana. Tukishaponda tunachekecha, kisha tunachanganya: udongo wa kichuguu, shamoti, unga wa mbao. Wazee wetu wafua shaba wa Katanga walijenga tanuru zao kwa udongo huohuo wa kichuguu, mchwa wameshauchagua laini, sisi tunaendeleza tu. Shamoti inazuia tofali lisinywee sana likikauka, ju yenyewe ilishaungua zamani. Na unga wa mbao ndio siri ya vitundu: ndani ya moto unaungua wote, pale ulipokuwa panabaki hewa, na hewa iliyofungwa haipitishi joto kirahisi.

Saa 7
Bukari na sombe. Umeme hakuna, tunapumzika kidogo.

Saa 8
Kupima yaliyotoka tanurini wiki iliyopita. Unapima tofali kavu, unalizamisha ndani ya maji mpaka lishibe, unapima tena, maji liliyokunywa yanakuonyesha vitundu viko vingi kiasi gani. Letu la kilo 1 linakunywa gramu 600 na zaidi, wakati tofali jekundu la kawaida linakunywa kama 100 mpaka 200 hivi. Mama mmoja mteja alikuwa amesimama pale akalinyanyua, “Yaya, iko mwepesi sana hii, haitavunjika?” Nikamwonyesha: ukilipiga nyundo litavunjika ndiyo, lakini kazi yake si kubeba nyumba, kazi yake ni kuzuia moto usitoroke pembeni. Mbabula ya bati tupu inapasha moto miguu yako kuliko sufuria. Na makala, yaani mkaa, mnajua bei yake, mnajua pia msitu wa miombo unarudi nyuma kiasi gani kila mwaka kuzunguka huu mji, mimi hilo jambo linaniumiza sana.

Fundi wa sufuria naye alikuja kutoka Katuba. Yeye nimemwambia wazi, asiweke haya mepesi mahali aluminiumu iliyoyeyuka inapogusa, ju inayeyuka kwenye digrii 660 na ingeingia kwenye vitundu. Ndani aweke tofali zito, letu likae nyuma yake. Amechukua yote mawili.

Saa 10
Tunawasha tanuru, na hapa ndipo watu wengi wanaharibu kwa haraka. Mpaka digrii 500 hivi twende polepole sana, ju unga wa mbao unapaswa kuungua na moshi upate njia ya kutoka, ukikimbiza moto tofali linabaki na moyo mweusi au linavimba. Kwenye 573 silika yenyewe inageuka umbo na kutanuka, pale pia taratibu, kwenda na kurudi. Baadaye ndio unaongeza, mpaka 1,100.

Saa 3 usiku
Kijana wa zamu anasoma kipima joto na kuandika kwenye daftari kila nusu saa, 410, 425, 440, safi kabisa, hakuna haraka.

Shida yetu sasa ni unga wa mbao, umebaki kidogo. Kama uko seremala hapa Lubumbashi na unauchoma nyuma ya atelye yako, tafadhali usiuchome, niandikie, nitakuja na magunia yangu.