Mchezo uliosimamishwa uani

Jumamosi alasiri tuliigiza katika ua wa nyumba moja mtaani Langoni, wala si pale Mkunguni mbele ya Ngome ya Lamu, kwa sababu jambo zito kama ubakaji ni vigumu kulizungumza mahali ambapo kila mpita njia anajua wewe ni mwana wa nani. Tulifuata mtindo wa Augusto Boal, mwongozaji wa michezo ya kuigiza wa Brazil: mchezo huonyeshwa hadi mwisho wake mchungu, kisha hurudiwa, na mtazamaji yeyote anaweza kuusimamisha, akashika nafasi ya mhusika na kujaribu njia nyingine.

Msichana wa mchezo wetu alibakwa na jamaa, na wazee wakataka yaishe nyumbani. Bibi mmoja alinyanyuka, akashika nafasi ya mama, akasema, "Mwanangu, usioge kwanza; twende hospitali." Hapo tukaeleza kwamba dawa za kuzuia maambukizi ya VVU zapaswa kuanzwa ndani ya saa 72.

Kisa kilikuwa cha kubuni kwa makusudi, maana aliyeumizwa hapaswi kuigiza jeraha lake mbele za watu (hili hulirudia kila mara, na bado naulizwa). Watu walipoondoka, mwanamke mmoja alibaki akiukunja mkeka uleule mara tatu. Mshauri nasaha akaketi kando yake, kimya.