Fomu tisa za Mwalimu

Kwenye kliniki yetu ya fiziotherapia hapa Mwanza, wenzangu wa chumba cha ndani wananyoosha migongo, mimi wa kaunta nanyoosha makaratasi. Napokea fedha, nafungua mafaili, na kila mwisho wa mwezi nafunga madai ya bima.

Mwaka mmoja, kabla Daraja la Kigongo–Busisi halijafunguliwa na watu wa Sengerema wakivuka ziwa kwa kivuko kuja Mwanza, mfuko mmoja wa bima ulitulipa ukiwa umekata fomu 9 za mgonjwa mmoja, mwalimu wa Sengerema mwenye maumivu ya kiuno yanayoshuka mpaka mguuni. Tano waliandika tarehe hazioani. Nne, ugonjwa haulingani na barua ya rufaa.

Bosi akasema tumpigie Mwalimu alipe mwenyewe. Nikaomba siku tatu. Huwezi kumwita mtu mdaiwa wakati karatasi zako hujazikagua.

Zile nne zilikuwa rahisi. Katika orodha ya kimataifa ya magonjwa, ICD-10, M54.5 ni maumivu ya kiuno tu. Yakiandamana na ya neva ya mguuni ni M54.4. Daktari aliandika M54.4, sisi tukaandika M54.5, kwa mazoea. Nikaambatanisha nakala ya barua yake na maelezo ya mtaalamu wetu. (Neno rufaa nalo! Nilikuwa nakata rufaa kwa kutumia barua ya rufaa.)

Zile tano ndizo zilizoninyima usingizi, maana kosa lilikuwa langu. Mwalimu alikuwa akinipigia alfajiri: "Mwanangu, ndio natoka nyumbani." Nami, ili akifika asikae kwenye benchi na mgongo ule, namjazia fomu kabisa, tarehe juu. Kumbe kule Busisi foleni ya kivuko haisogei. Anaingia mjini tumeshafunga, analala kwa mdogo wake Buzuruga, anatibiwa kesho yake. Fomu inasema Jumanne, faili linasema Jumatano. Mhakiki asiyekijua kivuko ataona tiba hewa, na simlaumu.

Mwenzangu akashauri tupake wino mweupe, tubadilishe tarehe kwenye nakala zetu. Nikakataa, fomu iliyofutwafutwa ndiyo inayokuzika. Niliandika barua ya ukurasa mmoja nikikiri kosa, na chini yake jedwali: tarehe iliyoandikwa, tarehe ya kweli, ukurasa wa daftari la mahudhurio alikosaini. Kila mstari na nakala yake.

Mwalimu alipokuja nilimwamkia, nikamfungulia daftari. Akapitisha kidole kwenye sahihi zake, zile zenye mkia mrefu unaovuka mstari. Moja ilikuwa imezungukwa na duara la kikombe cha chai. "Hii yangu. Hii yangu. Hapa, mwanangu, hukunisainisha." Sehemu mbili zilikuwa tupu.

Baada ya wiki kadhaa walilipa fomu 7. Zile mbili zisizo na sahihi zilikufa, bosi akazifuta kama hasara ya ofisi huku akiniangalia. Mwalimu hakudaiwa kitu.

Bado anakuja kuangaliwa mara mojamoja. Tangu daraja lifunguliwe Juni 2025, mara nyingine namkuta mlangoni kabla sijafungua. "Shikamoo, Mwalimu." "Marahaba. Fomu yangu umeshajaza?" Sijajaza. Kadi kwanza, hapa juu ya kaunta.