Tafakari ya wiki: Lutu, mjini na pangoni

Bwana Yesu asifiwe wapendwa. Wiki hii naomba tukae na Mwanzo 13 na 19, maana siku hizi kila jumuiya ninayokaa swali ni lile lile, watoto tuwalelee wapi, tubaki hapa hapa Dar, turudi mkoani kwa wazee, au tutafute kakiwanja pwani huko Bagamoyo, Pangani, Tanga, mtoto angalau apate hewa na sehemu ya kukimbia. Ni swali zito na tusilichukulie kama habari za viwanja na kodi peke yake, ni habari ya roho za watoto wetu.

Na hofu za wazazi zina msingi kabisa. Sensa ya 2022 ilitukuta zaidi ya watu milioni 5.3 kwenye huu mkoa mmoja, ila wewe unayekaa Manzese au Tandale huhitaji sensa ikwambie, mtoto akitoka mlangoni anakanyaga kibaraza cha jirani, uwanja hamna, na pale dukani pembeni kuna mashine ya kamari ya bonanza watoto wa shule wanatumbukiza mia mbili mia mbili mpaka hela ya chakula inaisha. Halafu foleni. Kuna akina baba Chanika na Kibamba huko wanatoka saa kumi na moja alfajiri wanarudi saa tatu usiku, mtoto ameshalala, baba anamulika na simu anaona miguu imetokeza nje ya chandarua, anairudisha ndani taratibu, ndo salamu yao hiyo, Jumatatu mpaka Ijumaa. Na mtoto naye analalia kioo cha basi la shule kabla hakujakucha, sweta limefungwa vibaya vifungo, kiamsha kinywa kipo kwenye begi hakijaguswa.

Sasa twende kwa Lutu. Abramu, ami yake, alimwachia achague kwanza sehemu ya kukaa, na Biblia inasema aliinua macho akaliona bonde la Yordani lote lina maji, zuri kama bustani ya Bwana, akalichagua. Hakukosea kuona, bonde lilikuwa zuri kweli. Ila fuatilia hema lake linavyokwenda, sura ya 13 analisogeza mpaka karibu na Sodoma, sura ya 14 anaishi ndani ya Sodoma, sura ya 19 amekaa langoni pa mji kama mwenyeji. Hakuhamia Sodoma siku moja, alisogea kidogo kidogo, kama wengi wetu tunavyosogea, mwaka huu nimeongeza kazi ya jioni, mwaka kesho na Jumamosi, mwaka unaofuata hata Jumapili naenda ibada ya kwanza nikimbilie biashara.

Na siku ile malaika wamekuja kuiangamiza Sodoma, Lutu anakwenda kuongea na wakwe zake, waliowaposa binti zake, anawaambia tokeni, mji unaangamia, wao wakaona anatania. Hapo mimi huwa nasimama sana. Huyu baba hakuwa mtu mbaya, Petro kwenye waraka wake wa pili anamwita mwenye haki, ila siku alipokuwa na neno la uzima la kuwaambia watu wa nyumba yake, hawakuwa na mazoea ya kumsikia akiongea habari za Mungu, ndo maana lilisikika kama utani. Imani ilikuwa moyoni mwake, nyumbani haikuwa inasemwa.

Wengi tunaishia hapo tunasema si unaona, mji ni mbaya, tuondoke. Endelea kusoma. Lutu aliondoka mjini, akaanzia Soari, akaogopa kukaa Soari, akapanda mlimani na binti zake wawili wakakaa pangoni, mbali na watu, mbali na anasa, hakuna Sodoma tena, na yaliyotokea kule pangoni ni aibu ambayo wachungaji wengi wanairuka wakihubiri. Alijaribu mji, akajaribu mlima, na kote kote nyumba yake ilivunjika, maana alihamisha watu na vitu, ila yale mazungumzo ambayo hayakuwepo Sodoma hayakuwepo na pangoni.

Kwa hiyo ukisikia mtu anasema kijijini watoto wanakua na maadili, mwulize kijiji kipi. Pombe ya kienyeji ipo, simu ya tachi ipo, kubeti kumefika mpaka kwenye vituo vya bodaboda huko ndani ndani, na wasichana wanaokatishwa masomo kwa mimba wapo wengi tu. Pwani nako hivyo hivyo, kuna uzuri wake, mtoto anajua kuogelea na kusoma upepo kabla hajajua kuandika, ila siku za bamvua maji yakikupwa utakuta watoto wapo kwenye miamba wanatafuta pweza saa za darasa, na kama mzazi hafuatilii hakuna wa kumrudisha shule.

Musa aliwaambia Waisraeli maneno mazito kwenye Kumbukumbu la Torati 6, nasi huwa tunasoma mstari wa 7 tunafunga kitabu. Uwafundishe watoto wako kwa bidii, ukiwa umekaa nyumbani, ukitembea njiani, ukilala, ukiamka. Endelea mpaka wa 10 na 11. Anawaambia Mungu anawapeleka kwenye miji mikubwa ambayo hawakuijenga, na mashamba ya mizabibu na mizeituni ambayo hawakuyapanda. Miji na mashamba, vyote viwili, kwenye sentensi moja, na onyo la mstari wa 12 ni moja kwa wote, angalia usije ukamsahau Bwana. Hakuwaambia wa shamba wako salama wa mjini wajihadhari.

Ila mimi siamini kwamba basi popote ni sawa, amua tu. Ule mstari wa 7 una sharti ndani yake, unataka mzazi awepo. Mtoto anaamka, upo, anatembea njiani, upo, anakwenda kulala, upo. Swali la kupeleka kwenye maombi ni wapi nitakuwepo, na huko ndiko nikalelee hata kama shule yake ni ya kayumba na nyumba haina vigae. Kama kazi yako ya Dar inakuachia miguu kwenye chandarua tu na Mungu amekufungulia nafasi Kibaha, Korogwe, au Morogoro, chukua hata kama mshahara unapungua, hiyo ni ibada. Kuna ndugu tangu treni ya SGR ianze 2024 wanapiga hesabu ya kukaa Morogoro na kufanya kazi Dar, nawaambia pigeni na hesabu ya saa unayofika nyumbani.

Lakini ile ya mama na watoto wakae kijijini, baba abaki Dar anatuma hela, tuonane Krismasi, hiyo sikubaliani nayo kama ni mpango wa miaka, maana familia imegawanywa na mzazi mmoja amekuwa namba ya kutuma na kutolea. Na ile ya kumpeleka mtoto mdogo bweni ili tupate nafasi ya kutafuta, mwaka 2023 serikali ilizuia bweni kuanzia awali mpaka darasa la nne, wazazi wengi walilalamika, mimi niliona ni sawa, mtoto wa miaka sita anahitaji wa kumfunika shuka. Bibi na babu wakiwepo ni baraka kubwa, Timotheo imani yake Paulo anaitaja kwa bibi yake Loisi na mama yake Eunike, wote wawili, bibi hakuachiwa peke yake.

Na kwa mliobaki Dar kwa sababu ndiko riziki ilipo, msijione mmeshindwa. Kuna mama Mbagala anakaanga vitumbua alfajiri nje ya nyumba ya kupanga, mwanae wa darasa la tatu yupo kwenye kigoda pembeni na yunifomu anarudisha chenji, na kila wanaposubiri chuma kipate moto mama anamsomea kipande cha Zaburi mtoto anakirudia, kisha wanageuza vitumbua, kisha kipande kingine. Wateja wameshazoea, wengine wanaitikia amina.

Wiki hii tuombee familia ambazo Desemba hii kodi zinaisha na Januari shule zinafunguliwa, zinatakiwa ziamue. Baba na mama kaeni pamoja kabla hamjampigia dalali, kila mmoja aandike kwenye karatasi saa ambazo anakuwa na watoto wakiwa macho, hapa mlipo na kule mnakotaka kwenda, mbadilishane karatasi, msome kwa sauti, ndo mpige magoti. Na watoto wenye umri wa kuongea muwaulize pia.