Bati la rangi halitaki stili waya

Hapa Tanga bati la rangi likianza kuliwa na kutu, mara nyingi halianzii juu. Huanzia chini ya ukingo, pale linapotokeza nje ya ukuta, hasa upande unaotazama bahari. Wateja wakiniita huninyooshea kidole juu kwenye vumbi na mavi ya kunguru, nami huinama kwanza nitazame kwa chini. Juu kunanyeshewa, masika ikiingia inasuuza chumvi yote. Chini ya ukingo hakuna tone linalofika, ila upepo wa kusi unafika na chumvi yake, chumvi inavuta unyevu wa usiku, na bati linabaki na chumvi mbichi mwaka mzima.

Kwa hiyo kama una mpira wa maji na muda mdogo, usipande. Simama chini uoshe pale mvua isipofika: chini ya ukingo, juu ya baraza, nyuma ya gata, na bati la kibanda cha uani lililofunikwa na paa kubwa. Tumia maji ya bomba au ya mvua. Visima vingi vya huku karibu na bahari vina maji ya chumvi, na ukiosha nayo unarudisha kilekile unachokiondoa.

Sasa hiyo stili waya. Rangi ya kiwandani ni nyembamba kuliko watu wanavyodhani. Juu ya chuma kuna tabaka la zinki, au zinki iliyochanganywa na alumini, halafu rangi ya msingi, halafu rangi unayoiona. Kwa bati nyingi za nyumbani rangi hizo mbili kwa pamoja ni kama mikroni 25 tu. Unywele wa kichwani kwako ni mnene kuliko hapo. Ukisugua kwa stili waya au mchanga unaikwangua, na kinachobaki kukinga chuma ni zinki peke yake. Tena stili waya huacha chembe zake juu ya bati. Zikipata umande zinashika kutu, paa linajaa madoadoa mekundu.

Kuna bi mkubwa mmoja wa Raskazone aliniita akiwa anamwoza binti yake, anataka paa ling'ae kabla wageni hawajafika. Nikakuta vijana wameshaegesha ngazi, wana stili waya na ndoo ya mchanga laini.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu. Hawa wanasema litarudi jipya."

Nikaomba kitambaa cheupe, nikakilowesha, nikapanda hadi ukingoni na kufuta pale palipofifia. Kitambaa kikatoka na unga wa kijani. Nikashuka nikamwonyesha. "Hii si taka, bibi. Ni rangi yenyewe, jua limeigeuza unga."

"Na wakiisugua?"

"Itatoka yote."

Akawageukia vijana. "Wanangu, hiyo kazi basi. Njooni mnywe chai."

Jaribu hilo la kitambaa kabla hujanunua hata sabuni. Kikitoka cheusi au cha udongo, una uchafu, na uchafu unaoshwa. Kikitoka na rangi ya bati, osha taratibu tu, halafu anza kupanga bajeti ya kupiga rangi, kwa sababu hakuna sabuni ya kuirudisha rangi iliyokwisha.

Kuosha kwenyewe si kugumu. Anza asubuhi, umande ukishakauka na bati bado la baridi. Bati likiwa la moto sabuni inakaukia juu yake na kuacha michirizi. Sabuni ya maji ya kuoshea vyombo, vijiko vichache kwa ndoo, na brashi laini ya mpini mrefu. Paka sabuni kutoka chini kwenda juu, maana ukianzia juu inachirizika kwenye bati kavu na kuchora mistari. Kusuuza ndiyo unaanzia juu kwenye kofia, lile bati la kileleni mwa paa, ukishuka. Mashine ya kuoshea magari naikubali ikiwa presha imepunguzwa na maji yanapigwa kuelekea chini. Ukipiga kuelekea juu unayasukuma yaingie pale bati linapolalia lenzake, na dari ndiyo itakayokwambia.

Chini ya miembe utakuta ukungu mweusi usiotoka kwa sabuni. Kwa bati la rangi, changanya jiki sehemu moja na maji sehemu tatu, paka, subiri dakika kama kumi, suuza kwa maji mengi kabla haijakauka. Usiichanganye kamwe na dawa ya kusafishia choo, hutoa gesi ya kuua. Bati jeupe lisilo na rangi usilipake jiki hata kidogo, na thina au petroli usivipeleke kwenye paa lolote.

Kunguru nao wana lao. Wanajenga viota kwa vipande vya waya na wanaviangusha. Viokote kwa mkono, kwani kila kipande kikilala hapo kitaacha doa la kutu.

Kuhusu kupanda, hapa nawasihi. Ngazi yenye kimo cha mita 4 ikae mita 1 kutoka ukutani, ipite ukingo, ifungwe, na awepo mtu chini. Vaa viatu vya soli laini ya mpira, na mkanda wa usalama uliofungwa kwa kamba kwenye kitu imara upande wa pili wa nyumba. Kamba inapopita kwenye kofia weka gunia isikwangue. Kanyaga bondeni, si kwenye mgongo wa bati, na ufuate mstari wa skrubu, maana ndipo penye papi chini, zile mbao zinazobeba bati. Bati za plastiki za kuingiza mwanga usizikanyage kabisa, zikishazeeka zinapasuka ghafla. Waya wa umeme unaoingia nyumbani uwe mbali nawe, na mbali na brashi yako yenye mpini mrefu. Bati lililolowa linateleza, kwa hiyo osha ukirudi nyuma kuelekea kwenye ngazi, usijifungie juu.

Kama unavuna maji ya mvua, chomoa bomba la kwenda kwenye simtanki kabla ya tone la kwanza la sabuni. Ukimaliza, safisha gata, toa majani yote, na uache bomba hivyohivyo mpaka mvua inayofuata inyeshe na kulisuuza paa vizuri. Maji hayo ya kwanza yamwagike chini, ndipo ulirudishe bomba.