Siku tuliyobaki saba

Msimu ule tulikuwa tumepanda kutoka ligi ya mkoa hadi daraja la chini kabisa la ligi ya taifa ya ridhaa. Nilikuwa golikipa. Furaha ya kupanda iliisha mapema: safari za ugenini ziligeuka za usiku kucha, na hakuna kati yetu aliyelipwa kwa mpira. Kila mtu alikuwa na bosi wa kumwomba ruhusa.

Tayari tulikuwa tumeshapoteza mechi moja mezani kwa kushindwa kufika. Kanuni za ligi yetu zilikuwa wazi: ukikosa ya pili unafutwa, na matokeo yako yote yanafutwa pamoja nawe.

Alfajiri ile tulihesabiana ndani ya basi. Wanane. Beki wetu tegemeo, fundi umeme, alinyimwa ruhusa; kiungo alikuwa anasimamia mitihani; wengine majeruhi. Uwanjani kamisaa alikagua leseni moja moja, analinganisha picha na sura. Alipomaliza ya nane akabaki ameshika kalamu, anasubiri ya tisa.

"Nahodha, wakipungua chini ya saba navunja mechi," mwamuzi akasema. Ndiyo Sheria ya 3 ya soka, ile ya idadi ya wachezaji, haina mjadala.

Hadi mapumziko tulikuwa nyuma 3-0. Mapema kipindi cha pili beki wa kushoto akapasuka juu ya jicho, damu ikakataa kukatika, akatoka. Saba. Dakika ya 70 winga wetu akashika nyama za paja, akaanguka. Akaanza kuburuza mguu kuelekea nje.

Nahodha alimkimbilia. "Kaka, ukitoka tumekwisha. Simama tu, usikimbie."

Akasimama. Tulimpeleka karibu na mstari wa kati, pembeni kabisa, maana angebaki huku nyuma angetuvunjia mtego wa kuotea: wapinzani wangekaa mbele bila kuotea. Hadi leo namwona: soksi moja imeshuka hadi kwenye kifundo, mikono miwili imekamata paja, anageuza kiwiliwili tu kila mpira unapopita. Mara moja ulimwangukia miguuni. Akautoa nje kwa mguu mzima, akafumba macho kwa maumivu.

Mimi huku nilikuwa na goli la mita 7.32 la kulinda na mabeki wawili waliochoka. Nilifungwa matatu mengine. Nilipangua mengi kuliko hayo, na sijawahi kudaka vile tena. Watu huona 6-0 kwenye matokeo wakacheka. Mimi sijacheza mechi kubwa kuliko ile.

Kipyenga cha mwisho kilipolia, winga hakusogea. Nilivua glovu nikamfuata, nahodha akatokea upande wa pili, tukamshika mabegani.

"Zimetimia tisini?" akauliza.

"Zimetimia, na za nyongeza."

Akakaa chini pale pale kwenye nyasi, akaanza kufungua kamba za viatu.